Ripita Iliyovishwa Blanketi

Kapteni Nyanchoka alishawahi kutengeneza redio chini ya lori, katika jangwa la kaskazini, mchanga ukimwingia masikioni na askari wawili wakimshikia tochi. Hakulalamika. Lakini mwezi huu wa Aprili alikuwa na kazi kwao nyumbani, Kisii na Nyamira, kwenye majani mabichi na maji tele, na kazi hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi, kwa sababu ilihitaji kibali cha baba mkwe.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kwenye milima ile, udongo huporomoka, stima hupotea, na simu hufuata stima. Watu wa Nyaramba wanaweza kufukiwa asubuhi na Kisii wasijue mpaka jioni. Nyanchoka alikuwa mhandisi wa mawasiliano na elektroniki jeshini. Alichukua redio kuukuu zilizokuwa zimeandikiwa kifo, akazifufua moja moja na vijana wanne wa karakana yake, kwa miezi kumi na minne, mpaka zikawa mtandao. Redio hizo haziombi ruhusa kwa kampuni yoyote ya simu. Zinataka betri, antena na mtu mwenye akili.

Alhamisi, Brigedia Shariff angekuja kutoka Nairobi kuzijaribu. Zikifaulu, mtandao utapelekwa kaunti sita na Nyanchoka ndiye atakayeuongoza. Zikishindwa, redio zitarudi stoo, karakana itafungwa, na yeye atapewa meza mahali fulani ahesabu mahema. Makao makuu kulikuwa na maafisa waliokwisha kuuita mradi huo "vyuma chakavu vya Nyanchoka", na hata hawakunong'ona.

Shida ilikuwa milima. Mawimbi ya redio hizi yana tabia ya macho: hayapindi kona. Kituo kikuu kingekuwa Nyakoe, karibu na mji wa Kisii. Kituo cha mbali kingekuwa Nyaramba. Kati yao ni mgongo baada ya mgongo. Palihitajika ripita, yaani mtambo wa kukaa juu mlimani, usikie upande huu na urushe upande ule, wenyewe, bila mtu. Nyanchoka alipima ramani wiki mbili akitafuta mahali pa kuuweka. Kila mara kalamu ilirudi palepale: Gesima, juu kabisa ya shamba la majani chai la baba mkwe wake, Mzee Nyabuto, kando ya nyumba ambayo Nyanchoka na mumewe Machogu walikuwa wameijenga.

"Si ni kwako?" Koplo Sabir alimuuliza. Sabir alizaliwa Kisii mjini katika familia ya wauza nguo, na mambo ya vijijini aliyajua nusu nusu. "Unaomba ruhusa ya nini kwako mwenyewe, afande?"

"Nyumba ni yangu. Mlima ni wa mkwe."

"Basi mwombe."

"Hatuongei."

"Mmekosana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Heshima yenyewe ilikuwa hivi. Kwa Wagusii, baba na mke wa mwanawe wana mipaka. Hawapeani mkono. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe ikimpiga mgongoni. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Nyabuto alikuwa amekaza. Kwa miaka tisa alikuwa akiongea na Nyanchoka kupitia kwa mkewe, Mama Orpah, hata wote watatu wakiwa wamesimama katika ua mmoja.

Tena palikuwa na jambo la pili, na hili halikuwa la mila. Mzee Nyabuto mwenyewe alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini. Alitumikia miaka ishirini na minne, akastaafu akiwa sajini mkuu, akarudi Gesima kuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mkulima wa chai. Siku Machogu alipomleta mchumba na kusema kwamba msichana ni luteni, Mzee aliweka kikombe chini, akamgeukia mkewe. "Mwambie mwanao ameniletea mtu wa kupigiwa saluti katika boma langu." Akatoka nje, akaenda kupogoa chai iliyokuwa imepogolewa wiki iliyotangulia.

Jumanne, Nyanchoka alipanda Gesima na lori, mlingoti na vijana wake. Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa chai, ndani ya koti refu la mvua, mikono nyuma. Mama Orpah alisimama katikati, kikapu cha majani bado kiko mgongoni.

"Mwulize huo mlingoti ni mita ngapi," Mzee alisema, akitazama mawingu.

Nyanchoka alimsikia vizuri. Walikuwa hatua sita tu. Lakini alingoja.

"Anauliza ni mita ngapi," Mama Orpah alisema.

"Kumi na mbili, Mama."

"Ni kumi na mbili," Mama Orpah alimwambia mumewe.

"Mwambie umeinama."

"Anasema umeinama."

Nyanchoka aliutazama. Haukuwa umeinama. Akachukua kipimo ili apate kumwonyesha. Ulikuwa umeinama, nyuzi mbili kushoto.

"Mwambie ahsante, Mama."

"Anasema ahsante. Na mimi nasema nina majani ya kupeleka kituo cha chai na karani hanisubiri. Nyinyi wawili Mungu aliwanyima midomo?"

Sabir, aliyekuwa akikaza waya wa mlingoti, alikohoa kuficha kicheko. "Afande," akanong'ona, "hii familia tayari ina ripita."

Kibali kilipatikana kwa njia hiyohiyo. Mzee aliyaambia mawingu kwamba kama serikali inauhitaji mlima, basi iutumie, ila mtambo usimletee radi. Nyanchoka akamwonyesha Mama Orpah waya wa kupeleka radi ardhini, kwa sauti ya kutosha kusikika hatua sita. Mzee akaguna. Guno lilikuwa ndiyo.

Ripita yenyewe waliiweka sebuleni mwa Nyanchoka, juu ya meza, maana nje palikuwa na unyevu. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mbavu nyuma, na ndani yake feni ndogo iliyolia kama nyuki. Kando yake Nyanchoka aliacha redio ndogo ya mkono, ya akiba. Kisha, kabla ya kushuka, alimwambia mama mkwe wake maneno haya: "Mama, uitunze hii. Ni mali ya serikali."

Hayo tu. Alikuwa mhandisi mzuri, lakini hapo alifanya kazi ovyo. Ukimwambia mwanamke wa Gesima kitu ni cha thamani, atakitunza. Lazima umwambie pia kinatunzwaje.

Alhamisi saa tatu asubuhi hema lilikuwa limesimama Nyakoe, hatua chache kutoka kwa wanawake wauza ndizi. Brigedia Shariff alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyependa maelezo. Aliomba karai, akaagiza kila mtu aweke simu yake humo, na yake akaiweka ya kwanza.

"Leo hakuna simu," alisema. "Nyaramba nina afisa wangu mwenye bahasha iliyofungwa. Saa nne na nusu ataifungua na kumpa koplo wako ujumbe wa mafungu kumi na mawili ya herufi na tarakimu. Nakala yake iko mfukoni mwangu. Saa tano kamili niwe nimeupata hapa. Herufi moja ikikosewa, umekosewa wote."

"Sawa, afande."

Kwa zaidi ya saa nzima mambo yalikwenda kama maji kwenye mfereji. Sauti ya Sabir ilitoka Nyaramba, ikapanda Gesima, ikashuka Nyakoe bila hata mkwaruzo. "Sifuri, hapa Moja," alisema, maana Sifuri lilikuwa jina la kituo kikuu na Moja la kwake, na ova ni neno la kumwachia mwenzako zamu ya kusema. "Nakusikia kama uko jikoni kwangu, ova." Brigedia nusura atabasamu.

Saa nne na dakika ishirini na nne, Sabir alikatika katikati ya neno.

"Moja, hapa Sifuri. Ova."

Kimya.

Nyanchoka alibadilisha waya wa antena. Akabadilisha betri. Akasikiliza kwa spika nyingine. Vifaa vya Nyakoe vilikuwa vizima, na Sabir hakuwa mtu wa kulala kazini. Basi ilikuwa ni ripita. Ripita ilikuwa imekufa.

Karani wake wa redio aliinama karibu na sikio lake. "Afande, simu yangu ya pili iko ndani ya soksi."

"Ibaki ndani ya soksi."

"Kapteni," Brigedia alisema, bila kupandisha sauti, "bahasha itafunguliwa mkiwa mnasikilizana au la."

Kwenda Gesima kwa gari ni saa nzima, barabara ikiwa kavu, na haikuwa kavu. Hata hivyo Nyakoe na Gesima zinaonana moja kwa moja. Ile redio ndogo ya akiba, kama ingekuwa imewashwa, ingemsikia. Nani wa kuiwasha? Machogu alikuwa shuleni akifundisha hesabu. Mama Orpah saa kama hiyo huwa ndani ya chai mpaka kiunoni. Mtu wa tatu wa boma lile haingii mle ndani. Nyanchoka alizungusha kitufe hadi masafa ya akiba, akaita huku akijiona kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo yeye mwenyewe ameifunga.

"Stesheni yoyote Gesima, stesheni yoyote Gesima, hapa Sifuri. Ukinisikia jibu. Ova."

Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya. Upande wa nyuma wa hema mtu alianza kukunja ramani. Akaita mara ya tatu.

"Sifuri, hapa Gesima. Nakusikia tano kwa tano. Ova."

Sauti nzito, isiyo na haraka, kila neno limekaa mahali pake kama matofali. Nyanchoka aliijua. Kwa miaka tisa alikuwa ameisikia ikiongea na mtu mwingine.

"Nani huyo?" Brigedia aliuliza.

"Baba mkwe wangu, afande."

"Kwa nini ana redio ya jeshi?"

"Bado sijui, afande." Akabonyeza. "Gesima, hapa Sifuri. Redio hiyo umeipataje? Ova."

"Sifuri, hapa Gesima. Mke wangu alinipitishia dirishani saa mbili asubuhi. Nimekuwa nikisikiliza. Sikuongea kwa sababu sikuitwa. Ova."

Mtu mmoja hemani alicheka, akajizuia. Nyanchoka hakuwa na nafasi ya kucheka.

"Gesima, ripita imezimika. Nahitaji kujua taa yake ya mbele ina rangi gani. Ova."

"Sifuri, hapa Gesima. Mtambo uko ndani ya nyumba ya mwanangu. Ova."

Kwa Nyanchoka hayo yalitosha. Kwa Brigedia hayakutosha.

"Si aingie?"

"Haingii, afande."

"Mlango umefungwa?"

"Uko wazi, afande. Ni mila. Baba haingii nyumba ya mwanawe."

Brigedia alitazama saa yake, kisha akamtazama yeye, na macho yake yalisema wazi: wewe ni kapteni, huyo alikuwa sajini, mwamuru. Nyanchoka alilifikiria jambo hilo kwa muda wa pumzi moja. Angeamuru, na pengine mzee angetii, na asubuhi ya Sabato ijayo angekaa mbele ya kanisa akijua amefanya nini. Isitoshe, mtandao unaomtaka mzee wa watu ajivunjie heshima ndipo ufanye kazi, hautafanya kazi katika mlima wa pili. Akabonyeza, na kwa haraka aliyokuwa nayo Kigusii kikamponyoka.

"Gesima, usiingie. Mwambie Baba ndiye aingie. Ova."

Brigedia aligeuka. "Umeniambia sasa hivi baba haingii."

"Baba ni mama, afande."

"Nini?"

"Kwa Kigusii, afande. Mama tunamwita baba. Baba ni tata."

Brigedia Shariff aliwatazama watu wa hema lile mmoja mmoja, akitafuta wa kumwokoa. Hakumpata.

Kule Gesima, mzee alisahau kuachia kitufe, au hakutaka kukiachia, na hema zima likasikia boma lake.

"Mama Machogu! Tua hicho kikapu! Ingia kwa mtoto uangalie mashine!"

"Mashine haina shida!" Sauti ya Mama Orpah ilitoka mbali, kwenye chai. "Nimeshaifunika!"

"Umeifanya nini?"

"Nimeifunika! Tangu jana inatetemeka! Gesima hii na baridi hii, na ni mali ya serikali! Nimeiwekea kitambaa changu kile cha kushona, halafu blanketi!"

"Blanketi gani?" Brigedia aliuliza polepole.

Kana kwamba amesikia, Mama Orpah aliongeza, sasa akiwa karibu: "Ile nzito! Ya wageni!"

Nyanchoka aliweka kiganja kwenye paji la uso. Feni. Mama Orpah alikuwa ameisikia feni ikilia akadhani kitu kinaona baridi. Mtambo wa watu, wenye mbavu za kutolea joto, ulikuwa umevishwa kitambaa cha maua na blanketi la wageni, ukachemka hadi ukajizima ili usiungue. Na kosa lilikuwa la nani? La mtu aliyesema mali ya serikali akashuka mlima.

"Gesima, mwambie aondoe vyote. Mtambo ukipoa utawaka wenyewe, lakini itachukua nusu saa. Ova."

"Vimeondolewa. Mke wangu anasema chuma kinaunguza mkono. Ova."

Saa nne na dakika thelathini na nne. Kule Nyaramba bahasha ilikuwa imefunguliwa. Nusu saa ingefika baada ya saa tano.

"Gesima, kutoka hapo ulipo, ukizungusha kitufe cha juu, unamsikia kijana wa Nyaramba? Ova."

"Namsikia. Anaita kwa dakika kumi sasa. Ana haraka sana, anameza maneno. Ova."

Nyanchoka alivuta kiti, akakaa vizuri, akafungua daftari.

"Gesima, kuanzia sasa jina lako ni Mbili. Utapokea ujumbe kutoka kwa Moja na kuniletea fungu kwa fungu. Usiongeze, usipunguze, usirekebishe. Umenielewa? Ova."

Spika ililia kidogo. Hilo halikuwa ombi kupitia kwa Mama Orpah. Lilikuwa agizo, limekwenda moja kwa moja, na mtu wa upande wa pili alikuwa na ruhusa ya kulikataa.

"Sifuri, hapa Mbili. Nimekuelewa, afande. Ova."

Alisema afande.

Wakaanza. Mzee alizungusha kitufe, akamsikiliza Sabir, akazungusha tena, akasoma. Hakuwa na papara. Alisoma kama anayepanda mbegu kwa mstari.

"Fungu la kwanza. Kilo, Rima, saba, Romeo, Tango. Ova."

Redioni kila herufi husemwa kwa neno zima linaloanza nayo, K kwa Kilo, T kwa Tango. Nyanchoka aliandika. Karani pembeni yake naye aliandika, kama utaratibu unavyotaka, kisha akachungulia daftari la kapteni wake.

"Afande, amesema Rima. Hiyo ni R."

"Ni L."

"Lakini nimesikia kwa masikio yangu..."

"R ameisema ni Romeo. Rima ni Lima. Usinisumbue."

Mambo hayo aliyajua vizuri kuliko alivyopenda. Alipojiunga na chuo cha maafisa, herufi ya L ilikuwa haijakaa ulimini mwake, kama isivyokaa ulimini mwa watu wengi wa kwao, na kwa mwaka mzima wenzake walimwita Rima. "Rima, unalima au unarima?" Akajifunza mbele ya kioo mpaka L ikanyooka. Leo alimshukuru Mungu kwamba masikio hayakunyooka pamoja na ulimi.

Fungu la pili, la tatu, la nne. Kwenye la sita spika ilijaa kelele, kama mtu anayemwaga mahindi kwenye sufuria.

"Mbili, hapa Sifuri. Kelele gani hiyo? Ova."

"Mvua ya mawe. Niko nje. Hakuna shida, mke wangu amenifunika. Ova."

"Isiwe ni kwa lile blanketi," Brigedia alisema.

Nyuma ya sauti ya mzee walimsikia Mama Orpah: "Kaa vizuri wewe, unalowa mgongo! Na huyo mtoto mwambie asome polepole, hata mimi nimepotea!"

"Fungu la saba," Mzee alisema, sauti ileile, mvua ya mawe ikimwangukia. "Tano, tano, Rima, Alfa, Viktor. Ova."

Hakuna tena aliyekunja ramani. Maafisa walikuwa wamesogea hadi kwenye meza, wamesimama bega kwa bega kama watu wanaofuata mpira. La kumi. La kumi na moja. Saa nne na dakika hamsini na sita lilifika la kumi na mbili.

"Mwisho wa ujumbe. Kuna la kurudia? Ova."

"Rudia la tisa. Ova."

Alirudia la tisa. Lilikuwa sawa na alivyoandika. Nyanchoka alichana karatasi, akasimama, akamkabidhi Brigedia. Saa ya mezani ilionyesha dakika moja kabla ya saa tano.

Brigedia alitoa bahasha mfukoni, akaichana, akaweka karatasi mbili kando kwa kando. Akapitia kwa penseli, herufi kwa herufi, kama mwalimu mkali. Alama ya kwanza. Ya pili. Alipofika ya kumi na mbili alirudi mwanzo, akachukua na karatasi ya karani, akailinganisha.

"Yako haina kosa," alimwambia Nyanchoka. "Ya karani ina R nne mahali pa L nne."

"Karani anatoka Kilifi, afande."

Safari hii Brigedia alicheka waziwazi, na hema zima likapata ruhusa ya kucheka. Kabla hawajamaliza, spika kubwa ikafufuka. Ripita ilikuwa imepoa. "Sifuri, Sifuri, hapa Moja!" Sabir alipiga kelele. "Mko hai huko? Nani huyo mzee? Amenigombeza kuhusu ova zangu! Ova!"

Nyanchoka alisimama wima mbele ya meza. Vicheko vikapungua.

"Afande, ripita ilizimika kwa dakika arobaini na moja," alisema. "Kosa ni langu. Niliacha mtambo wenye joto kwa watu wa mahali pa baridi bila kuwaeleza. Yaliyobaki ni hayo uliyoyaona."

"Nilikuwa nangoja uniambie ni hali ya hewa," Brigedia alisema. "Ungeniambia hivyo ningelifunga daftari hili na kurudi Nairobi." Akalifungua, akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akaligeuza ili Nyanchoka asome mwenyewe. "Kaunti sita. Unaanza mwezi wa sita. Kila ripita iwekewe kizimba cha waya, blanketi lisiifikie. Na kila mlima uwe na mtu wake, anayejua kazi."

"Watu wanaojua utaratibu wa redio milimani nitawatoa wapi, afande?"

"Kila mwaka jeshi linastaafisha watu wa mawasiliano. Wanakwenda wapi?"

Nyanchoka alimtazama. "Nyumbani, afande."

"Basi watafute nyumbani."

Afisa aliyekuwa amekunja ramani aliikunjua tena, akaiweka mezani, na wawili watatu wakaanza kubishana ni mlima gani ungefaa kwa upande wa Gucha. Walikuwa wakibishana kuhusu vyuma chakavu vya Nyanchoka kana kwamba wao ndio waliovifufua. Aliwaacha. Alichukua kipaza sauti.

"Vituo vyote, hapa Sifuri. Tumefaulu. Ujumbe umefika mzima. Kaunti sita, tunaanza mwezi wa sita. Ova."

Kutoka Nyaramba kulitoka kelele isiyo katika kitabu chochote cha utaratibu. Kisha, baada ya kelele kwisha, kwa zamu yake:

"Sifuri, hapa Mbili. Pongezi, afande. Kazi imefanywa vizuri. Ova."

"Mbili, hapa Sifuri. Ahsante sana. Unaweza kufunga kituo sasa, ukabadilishe nguo. Ova."

"Sifuri, hapa Mbili. Zamu haifungwi kabla ya kukabidhiwa. Namkabidhi nani? Ova."

Nyanchoka alimgeukia Brigedia. Brigedia alikuwa ameinama juu ya karai, akitafuta simu yake kwa bidii sana, na alionekana hataki kuulizwa.

"Mbili, hakuna wa kukupokea. Endelea na zamu. Jumatatu nakuletea watu kumi na wawili wa kufunzwa kazi ya mlimani. Mwalimu wao ni wewe. Ova."

"Kumi na wawili, Jumatatu. Wafike saa moja, siyo saa moja na dakika tano. Chai ipo. Nawasubiri, afande. Ova."

Aliandika kwenye daftari la kituo: saa tano na dakika kumi na tisa, Mbili, Gesima, kazini. Akavua kofia, akaiweka juu ya daftari, akatoka nje. Jua lilikuwa limetokeza juu ya Nyakoe na barabara ilikuwa ikifuka mvuke. Akiwa ndani ya sare, nyota zake tatu begani, Kapteni Nyanchoka alitupa kichwa nyuma akapiga vigelegele, virefu, vya kutoka tumboni, kama anavyopiga mama aliyepata mtoto. Wanawake wa ndizi waliinua macho. Hawakuuliza ni vya nini. Wa kwanza aliweka mkungu chini akavidaka, wa pili naye akavichukua, na vikashuka hivyo sokoni kote, kibanda hadi kibanda.